Monika: Alisali katika Nyumba ya Mume Asiyesali

Katika jumuiya zetu ndogo ndogo kuna kilio ambacho wazazi wengi hukileta kwa sauti ya chini. Mtoto wao alijua kufanya ishara ya msalaba kabla hajaanza shule. Alijua Baba Yetu na Salamu Maria. Alipofika shule ya upili akaanza kusinzia wakati wa sala ya jioni, na alipokwenda chuoni akaiacha hata Misa ya Jumapili. Mama humlaumu baba kwamba haongozi sala. Baba humlaumu mama kwamba amemdekeza mtoto. Mwisho wote wawili hunyamaza, na sala ya jioni nayo hunyamaza pamoja nao.

Leo tumtazame mama mmoja Mwafrika aliyeyapitia hayo zaidi ya miaka 1,600 iliyopita: Mtakatifu Monika, mama yake Mtakatifu Augustino. Jina lake mnalijua, maana akina mama wengi hapa kwetu wamebatizwa nalo, na Kanisa humkumbuka tarehe 27 Agosti, siku moja kabla ya sikukuu ya mwanawe. Lakini tumezoea kumsimulia kwa machozi yake tu, kana kwamba kazi yake yote ilikuwa kulia. Karibu yote tunayoyajua juu yake aliyaandika mwanawe katika kitabu chake Maungamo, na ukikisoma kwa makini utamkuta mwalimu wa sala aliyefundisha katika nyumba isiyokuwa rahisi hata kidogo.

Monika alizaliwa karibu mwaka 331 katika familia ya Kikristo, huko Thagaste, mji mdogo ambao siku hizi huitwa Souk Ahras, nchini Aljeria. Aliyemlea hasa ni mjakazi mzee wa nyumba yao, ambaye zamani alikuwa amembeba mgongoni baba yake Monika alipokuwa mtoto mchanga. Mama huyo alikuwa mkali. Hakuwaruhusu wasichana kunywa hata maji kati ya chakula na chakula, akihofia kwamba wakiolewa na kushika funguo za stoo, watageukia divai. Na kweli, Monika alipotumwa kuteka divai kwenye pipa alianza kulamba kidogo, kesho kidogo tena, mpaka akawa anamaliza vikombe karibu vijae. Hakuna mkubwa aliyejua. Aliyemponya ni mjakazi kijana aliyegombana naye akamtukana kuwa ni mlevi. Monika aliona aibu, akaacha siku hiyo hiyo. Basi wazazi, msidhani ukali peke yake humlinda mtoto.

Alipofikia umri wa kuolewa alipewa Patricius, mtu wa baraza la mji huo huo, mwenye shamba dogo na mali ya kiasi. Patricius hakuwa Mkristo. Alikuwa na moyo mwema, lakini hasira yake ilikuwa moto, na hakuwa mwaminifu katika ndoa. Ndani ya nyumba alikuwamo pia mama mkwe, na wajakazi waliokuwa wakipeleka maneno huku na huku. Nadhani wapo kati yenu ambao hawahitaji kuelezwa zaidi.

Monika alifanya nini? Mume alipokuwa na hasira hakumpinga, wala kwa tendo wala kwa neno. Alingoja atulie, ndipo akamweleza sababu ya jambo alilolifanya. Kuhusu wanawake wengine, hakumfanyia vita. Alimngojea Mungu ampe mume wake imani, na pamoja na imani usafi wa maisha. Wake wengi wa Thagaste walitembea na alama za mapigo usoni, nao walishangaa kwamba mke wa mtu mkali kama Patricius hakuwahi kupigwa. Mama mkwe naye alishindwa na upole wake, mpaka mwenyewe akamwambia mwanawe ni wajakazi gani waliokuwa wakiwagombanisha.

Hapa nisieleweke vibaya. Mke anayepigwa leo asiambiwe arudi nyumbani akasali tu na kunyamaza. Aende kwa padre, aende kwa wazee wa pande zote mbili, na ikibidi aende polisi. Monika aliishi chini ya sheria za Kirumi, ambazo zilimpa mwanamke nafasi ndogo sana. Ninachotaka mkione ni kwamba subira yake haikuwa woga. Alijua anakotaka kufika na mume wake.

Kila siku alikwenda kanisani mara mbili, asubuhi na jioni. Mwanawe anaeleza wazi kwamba hakwenda kusengenya na akina mama wenzake. Alikwenda kumsikia Mungu katika mahubiri na kusikiwa naye katika sala. Hakupitisha siku bila kupeleka sadaka yake altareni. Watoto wake, Augustino aliyezaliwa tarehe 13 Novemba 354, ndugu yake Navigius na dada yao, walikua wakimwona mama akitoka na kurudi. Augustino alipozaliwa aliandikishwa kama mkatekumeni kwa ishara ya msalaba na chumvi, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Jina la Kristo alilinyonya pamoja na maziwa ya mama.

Na Patricius? Tumpe haki yake. Nyumba nzima iliamini isipokuwa yeye, lakini hakutumia cheo cha baba kulifuta moyoni mwa mtoto lile alilolipanda mama. Wapo waume wakristo kabisa, waliofunga ndoa mbele ya altare, ambao hufungua televisheni kwa sauti kubwa mara tu mke anapochukua rozari. Mpagani Patricius aliwashinda hao.

Sasa sikilizeni jinsi Augustino alivyoanza kusali kwa moyo wake mwenyewe. Alipopelekwa shule, mwalimu alikuwa akimchapa. Mtoto alikuwa amewaona watu wakisali, na kwa kuwaona tu alifahamu kwamba yuko mmoja mkubwa asiyeonekana, awezaye kusikia na kusaidia. Basi akaanza kumwomba Mungu, mtoto mdogo kwa bidii kubwa, asichapwe shuleni. Hiyo ndiyo sala yake ya kwanza tunayoijua. Mapigo hayakukoma. Tena watu wazima, hata wazazi wake ambao hawakumtakia mabaya, walizicheka fimbo zake kama jambo dogo. Akiwa askofu mwenye miaka zaidi ya 40 alikuwa bado hajasahau kicheko kile.

Wewe mzazi, mtoto wako anapoomba Mungu ampe mpira, au amponye mbwa, au mwalimu wa hesabu asije kesho, usimcheke. Kwake hiyo ni sala nzito kuliko zile anazozikariri. Keti naye, uliza kwa nini anamwogopa mwalimu wa hesabu.

Siku moja, akiwa bado mdogo, Augustino alishikwa na maumivu ya tumbo na homa kali hata akakaribia kufa. Akaomba abatizwe. Monika alikimbia kutayarisha ubatizo, lakini mtoto akapata nafuu ghafla na ubatizo ukaahirishwa. Wakristo wengi wa siku zile waliogopa kwamba dhambi za ujana baada ya ubatizo zingekuwa nzito zaidi. Augustino mwenyewe baadaye aliona ingekuwa heri angebatizwa mapema, nasi leo tunashukuru kwamba Kanisa linatuhimiza tuwabatize watoto wachanga.

Alipofika miaka 16 alirudi nyumbani kutoka shule ya Madauros na kukaa mwaka mmoja bila kazi, kwa sababu karo ya kwenda Karthago ilikuwa haijapatikana. Baba aliona kijana amebalehe, akafurahi akifikiria wajukuu. Mama alitetemeka. Alimwita kijana faraghani akamwonya juu ya uasherati, na zaidi juu ya kumgusa mke wa mtu. Kijana aliyaona hayo kuwa maneno ya wanawake, akaona haya hata kuyasikiliza. Lakini wazazi wote wawili hawakutaka kumwoza, maana walihofia mke angemzuia kusoma na kupata cheo. Hapo naona Monika na Patricius walifanana na sisi sana. Tunaomba mtoto awe mtakatifu, lakini karo ya shule ndiyo tunayoihangaikia usiku kucha.

Miaka ile ile sala za Monika zilipata jibu upande ambao wengine walikuwa wamekata tamaa. Patricius alianza kuwa mkatekumeni, na kabla ya kufa kwake, karibu mwaka 371, alikuwa Mkristo. Monika alikuwa na miaka kama 40. Ndoa yake ilikuwa imechukua zaidi ya miaka 15 kufika mahali ambapo mume na mke wanasali kwa jina moja, na mara walipofika, kifo kikawatenganisha.

Kijana naye alikuwa Karthago, akisoma kwa msaada wa tajiri wa mji wao aliyeitwa Romanianus. Alianza kuishi na mwanamke bila ndoa, na karibu mwaka 372 wakapata mtoto wa kiume, Adeodatus. Katika mwaka wake wa 19 alisoma kitabu cha Cicero, mwandishi wa Kirumi, kilichomwasha moyo apende hekima. Ni mwito mzuri, lakini kitu kimoja kilimsumbua: jina la Kristo halikuwamo. Kitabu chochote kisicho na jina hilo, hata kiandikwe kwa ufasaha namna gani, hakikuweza kumshika mzima. Kumbe yale maziwa ya Thagaste yalikuwa bado tumboni. Hakuwa akisali, hakuwa akishika amri, lakini alijua kuna jina linalokosekana. Wazazi ambao watoto wenu wamekwenda mbali, tafakarini hapo kabla hamjasema kwamba mlifundisha bure.

Hata hivyo hakurudi kanisani. Aliingia kwa Wamanikeo, watu waliofundisha kwamba kuna nguvu mbili, ya nuru na ya giza, zinazopigana ulimwenguni. Alikaa nao karibu miaka tisa. Aliporudi Thagaste kufundisha, Monika kwanza alikataa kuishi naye na kula naye meza moja. Kisha akaota ndoto. Alijiona amesimama juu ya ubao mnyoofu, na kijana mwenye kung'aa akamwuliza kwa nini analia, akamwambia atazame: pale alipo yeye, mwanawe naye yupo. Alipogeuka alimwona Augustino kando yake juu ya ubao ule ule. Augustino alipoelezwa ndoto, akadai maana yake ni kwamba siku moja mama atamfuata mwana. Monika hakungoja hata pumzi moja kumsahihisha: hakuambiwa kwamba atakuwa alipo mwanawe, ila mwanawe atakuwa alipo yeye. Jibu hilo lilimgusa Augustino kuliko ndoto yenyewe. Na Monika akamrudisha mezani.

Kisha akamwendea askofu mmoja ambaye alilelewa na Wamanikeo utotoni, amwombe abishane na mwanawe. Askofu alikataa. Alisema kijana bado amejaa majivuno, haambiliki. Mama amwache, amwombee tu, na kwa kusoma kwake mwenyewe atagundua kosa. Monika aliendelea kumsihi kwa machozi mpaka askofu akachoka, akamwambia aende zake, maana haiwezekani mwana wa machozi kama yale apotee. Ushauri ule ulikuwa mgumu. Mama alitakiwa apunguze maneno kwa mtoto na kuongeza maneno kwa Mungu, na wengi wetu hufanya kinyume chake.

Mwaka 383 Augustino aliamua kwenda Roma. Mama alimshikilia pwani ya Karthago, akitaka amrudishe au aende naye. Kijana alimdanganya kwamba anamsindikiza rafiki tu, akamshawishi alale karibu na merikebu katika kanisa dogo la Mtakatifu Sipriani. Usiku ule, mama akiwa anasali asiondoke, merikebu ilitweka tanga. Asubuhi Monika alibaki ufukweni. Miaka mingi baadaye Augustino aliandika kwamba Mungu alimnyima mama ombi la usiku ule ili ampe lile aliloliomba siku zote, kwa sababu huko ng'ambo ndiko alikokuwa akingojewa na Ambrosi, askofu wa Milano.

Monika alimfuata. Baharini dhoruba ilipovuma, ni yeye aliyewatia moyo mabaharia, ambao kwa kawaida ndio huwatuliza abiria. Alifika Milano mwaka 385. Kule Afrika alikuwa amezoea kupeleka uji, mkate na divai kwenye makaburi ya mashahidi. Alipofanya vile Milano, bawabu alimzuia: askofu amekataza desturi hiyo kwa sababu ya walevi. Aliacha mara moja bila ubishi, na kikapu chake akawapelekea maskini. Mwaka 386 Yustina, mama wa Kaisari, alipotaka kulichukua kanisa la Ambrosi awape Waario, waamini walikesha ndani pamoja na askofu wao, na Monika alikuwa mstari wa mbele. Ili watu wasizimie moyo, Ambrosi aliwafundisha kuimba zaburi na nyimbo. Augustino, baada ya kubatizwa, aliusikia uimbaji wa kanisa lile na akalia.

Kuna jambo la Milano ambalo mimi silipiti kwa haraka. Ili Augustino afunge ndoa yenye heshima, na Monika alihangaika sana kuitafuta, yule mama wa Adeodatus alirudishwa Afrika baada ya miaka zaidi ya 12. Alimwacha mtoto wake na akaweka nadhiri ya kutomjua mume mwingine. Hata jina lake halikuandikwa. Msichana aliyeposwa mahali pake alikuwa bado hajafika umri wa kuolewa, pungufu kwa miaka miwili, na ndoa ile haikufungwa kamwe. Mtakatifu anaweza kuwa na sala safi na bado mipango yake kwa mtoto ikawa na doa la tamaa ya cheo.

Kiangazi cha mwaka 386, katika bustani ya nyumba waliyokuwa wakikaa Milano, Augustino alijitoa kwa Mungu. Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake kumwambia. Vuli ile wakahamia shamba la rafiki, Cassiciacum, Monika pamoja nao, wakijitayarisha kwa ubatizo. Alikuwamo kijana Licentius, mwana wa Romanianus, aliyependa mashairi kuliko sala. Siku moja alipendezwa na wimbo mpya wa zaburi, akaenda akiuimba kwa sauti hata chooni. Monika alimkemea kwamba mahali pale hapafai. Kijana akamjibu kwa utani: je, kama adui angenifungia humu, Mungu asingenisikia? Augustino alipoelezwa hakuona kwamba Mungu amechukizwa. Nawapenda wote watatu katika kisa hiki. Mama analinda heshima ya sala, kijana kwa mara ya kwanza ameionja utamu, na Augustino, aliyekuwa kijana msumbufu jana, anajua asiizime.

Usiku wa Pasaka, kati ya tarehe 24 na 25 Aprili 387, Ambrosi alimbatiza Augustino, pamoja na Adeodatus na rafiki yao Alypius.

Wakaanza safari ya kurudi Afrika. Huko Ostia, bandari ya Roma, mama na mwana waliegemea dirisha lililotazama bustani, wakaongea juu ya uzima wa milele mpaka maneno yakawaishia. Monika alisema sasa hana analolingoja tena duniani. Siku tano hivi baadaye akashikwa na homa. Kwa miaka mingi alikuwa ametayarisha kaburi lake Thagaste kando ya Patricius, akitaka watu wajue kwamba bahari haikuwatenganisha. Navigius alitamani afie nyumbani. Mama aliwaambia wanawe wote wawili wauzike mwili wake popote, wasisumbuke. Jambo moja tu, wamkumbuke mbele ya altare ya Bwana popote watakapokuwa. Siku ya tisa ya ugonjwa akafariki, akiwa na miaka 56. Adeodatus alilia kwa sauti mpaka wakamtuliza. Rafiki yao Evodius akachukua kitabu cha zaburi akaanza kuimba, na nyumba nzima ikamwitikia.

Augustino alijizuia kulia mchana kutwa. Usiku alilala, na alipoamka akakumbuka mistari ya wimbo mmoja wa Ambrosi, ule waliokuwa wakiuimba na mama huko Milano, ndipo machozi yakamtoka.

Miaka kama kumi baadaye, akiwa askofu wa Hippo, aliandika habari hizi zote katika Maungamo. Katika kitabu hicho kirefu anamwita Monika mama, au mtumishi wa Mungu. Jina lake amelitaja mara moja tu, mwishoni mwa sehemu inayosimulia kifo chake, anapowaomba wote watakaosoma wamkumbuke altareni Monika, na pamoja naye Patricius, aliyekuwa mume wake.